Jina, Siku na Mahali: Historia ya Kitabu cha Marehemu na Deni Letu kwa Makaburi ya Kiwanja



Parokia inapofika jubilei hufungua vitabu vyake ili ihesabu neema za Mungu. Inahesabu waliobatizwa, waliopata Kipaimara, waliofunga ndoa takatifu, na vijana wake waliopewa Upadri au kuingia utawa. Kufanya hivyo ni haki, tena ni shukrani. Lakini katika sanduku la vitabu kuna kimoja ambacho hukaa chini ya vingine, na ambacho watu wachache huomba kukisoma. Ndicho kitabu cha marehemu. Katika Seminari Ndogo walimu wetu walikiita kwa Kilatini liber defunctorum. Hakina sherehe wala hakipigiwi vigelegele. Hata hivyo, hesabu ya jubilei isiyokitaja ni nusu ya hesabu, kwa maana parokia ni wale wanaokaa katika viti siku ya Mungu pamoja na wale waliovichonga viti hivyo na ambao leo wamelala.

Katika kurasa hizi chache tunataka kuonyesha mambo matatu. Kwanza, kwamba kuandika marehemu na kutunza makaburi ni kazi ya zamani sana katika Eklezya. Pili, kwamba sisi watu wa Kiwanja na wa Rutshuru tumejifunza kwa machozi hasara ya kutoandika. Tatu, namna ya kulipa deni hilo kabla mashahidi wetu hawajafariki wote.

I. ASILI YA KAZI HII

Tuanze na Abrahamu, baba wa waamini. Kitabu cha Mwanzo, sura ya 23, chatueleza kwamba Sara alipokufa huko Hebroni, Abrahamu alikuwa mgeni asiye na udongo wake. Wenyeji walimwambia achague kaburi lolote katika makaburi yao. Akakataa kwa heshima. Alitaka kununua, tena kwa bei kamili, shamba la Makpela lililokuwa la Efroni, akampimia shekeli 400 za fedha mbele ya watu wote waliokuwa mlangoni mwa mji. Maandiko yanataja shamba, pango lililomo, na miti yote iliyokuwa mipakani. Basi udongo wa kwanza ambao Abrahamu alijipatia katika nchi ya ahadi ulikuwa mahali pa kuzikia, na ulipatikana kwa bei inayojulikana, kwa mipaka inayojulikana, mbele ya mashahidi.

Wakristu wa Roma walifuata njia hiyo hiyo. Wakati wa Papa Zefirino, mnamo mwaka 199 na miaka iliyofuata, Eklezya ya Roma ilikuwa na makaburi yake yenyewe katika njia ya Apia. Papa aliyaweka chini ya uangalizi wa shemasi mmoja jina lake Kalisto, mtu aliyekuwa zamani mtumwa. Kalisto huyo baadaye akawa Papa mwenyewe, na makaburi yale yanaitwa kwa jina lake mpaka leo. Humo waliwekwa maskini na matajiri, na hata Mapapa wengi wa karne ya tatu. Wakristu hawakupenda kuyaita kwa jina la kuogofya. Walichukua neno la Kigriki lenye maana ya mahali pa kulala, kwa sababu anayelala ataamka.

Katika mji ule ule wa Roma kulikuwa na orodha ambayo imehifadhiwa katika kitabu cha mwaka 354. Orodha hiyo ni fupi na haina hadithi. Inataja siku ya mwaka, jina la shahidi, na makaburi alimolazwa. Kutoka orodha za namna hiyo ndipo ilipokua kalenda yetu ya watakatifu. Ndugu, tulitafakari vizuri jambo hilo. Kalenda ambayo tunaitundika ukutani ilianza kama kitabu cha marehemu. Kama wale ndugu wa Roma wasingeandika jina, siku na mahali, leo tungewaadhimisha nani?

Kisha Eklezya iliweka sheria. Mtaguso wa Trento, mwaka 1563, uliamuru kila paroko awe na kitabu cha ndoa. Mwaka 1614 Kitabu cha Ibada cha Roma kiliongeza maagizo juu ya vitabu vingine, na kati yake kitabu cha waliokufa. Sheria ya Eklezya ya mwaka 1917 iliagiza kwamba baada ya maziko liandikwe jina la marehemu na umri wake, jina la wazazi wake au la mume au mke wake, siku aliyokufa, Sakramenti alizopewa na aliyempa, tena mahali na siku ya maziko. Sheria mpya ya mwaka 1983, katika kanuni ya 535, yadai kila parokia iwe na vitabu vya ubatizo, vya ndoa na vya marehemu, na vile vya zamani vitunzwe kwa uangalifu. Kanuni ya 1182 yarudia kwamba maziko yakiisha, lazima yaandikwe.

Mtu asifikiri kwamba hayo ni mambo ya karatasi tu. Kanuni ya 1707 yasema kwamba kama kifo cha mume au mke hakiwezi kuthibitishwa kwa hati ya Eklezya au ya Serkali, yule aliyebaki hahesabiwi kuwa huru kufunga ndoa nyingine mpaka Askofu atamke kwamba huyo aliyepotea adhaniwa amekufa. Kutoonekana peke yake, hata kwa miaka mingi, hakutoshi. Ninyi mnaokaa katika mashirika mnajua ni wajane wangapi wamesimama mbele ya mlango huo. Mume alichukuliwa njiani wakati wa vita, majirani wasema walimzika, lakini hakuna mstari hata mmoja ulioandikwa. Mama huyo si mke wala si mjane. Watoto wake nao hawawezi kuonyesha hati wanapodaiwa shamba la baba yao. Mstari mmoja wa wino ungewaponya.

II. DESTURI YA WAZEE, NA MABADILIKO YA MAJINA

Wazee wetu, ikiwa Wanyabwisha, ikiwa Wanande, ikiwa Wahunde, hawakuwa watu wa kusahau wafu wao. Walizika karibu na nyumba, mara nyingi katika shamba la migomba, na kaburi lililindwa na watu waliokuwa wakipita hapo kila siku. Hawakuhitaji kitabu, kwa sababu familia ilibaki juu ya kilima kile kile. Mtoto aliambiwa na nyanya yake: hapa amelala fulani, usilime hapa.

Lakini desturi hiyo ilitegemea jambo moja, yaani watu wasihame. Siku familia ilipouza shamba au kukimbia, kumbukumbu iliondoka pamoja nayo. Aliyenunua hakujua, akalima. Kwa mji kama wetu, ambao umekua kwa watu kutoka pande nyingi, wakija kwa soko, kwa mashamba na kwa kutafuta usalama, ulinzi wa nyanya peke yake hauwezi kutosha. Ndiyo maana Eklezya ilileta makaburi ya pamoja na kitabu kinachoyafuata.

Tena kuna ugumu wa majina. Ndugu zetu Wanande huwapa watoto majina kwa kufuata zamu ya kuzaliwa: kwa wavulana Paluku, Kambale, Kasereka, Kakule; kwa wasichana Masika, Kavira na mengine. Katika ukurasa mmoja wa kitabu mtaona akina Kambale wengi, na kila mmoja ni mtu wake. Kwa Wanyabwisha, mtoto hupewa jina lake mwenyewe ambalo si la baba, na hivyo msomaji hawezi kujua ndugu kwa kulinganisha majina. Pande zote mbili zinahitaji dawa moja: kuandika daima jina la baba na la mama.

Halafu ulikuja mwaka 1972, wakati Serkali ya Zaire ilipokataza majina ya kikristu. Aliyebatizwa kwa jina la mtakatifu akaanza kuitwa kwa majina mengine katika karatasi zote za Leta, na wengi wakafa na kuandikwa kwa majina hayo mapya. Miaka ya 1990 ilipofika watu wakarudia majina ya ubatizo. Matokeo yake ni kwamba mtu mmoja aweza kuonekana katika kitabu cha ubatizo kwa jina moja, katika kitabu cha ndoa kwa jina la pili, na katika kitabu cha marehemu kwa jina la tatu. Anayeandika lazima ajue historia hiyo, aweke majina yote ambayo familia inayafahamu, na karibu na jina andike mwaka na parokia ya ubatizo.

III. MIAKA YA MACHOZI

Tunafika sasa mahali pagumu. Hatuandiki kwa kushitaki mtu, wala kwa kuamsha chuki. Tunaandika kwa sababu marehemu hao ni wetu.

Mwezi wa saba wa mwaka 1994 wakimbizi kutoka Rwanda waliingia Goma kwa mamia ya maelfu, na kipindupindu kikawaangukia. Katika mwezi mmoja walikufa karibu watu 50,000. Huko Goma udongo ni mawe ya volkano, jembe haliingii, na maiti zilibaki kando ya barabara mpaka malori yalipozibeba kwenda kwenye mashimo makubwa. Kambi za Katale na Kahindo zilikuwa katika wilaya yetu ya Rutshuru. Wengi wa marehemu hao walihesabiwa kama mizigo huhesabiwa, yaani idadi bila majina.

Baada ya hapo ulikuja mwaka 1996 na vita vilivyofuata. Mwishoni mwa mwaka 2005 wanajeshi wa Umoja wa Mataifa waligundua mashimo matatu ya maiti katika mkoa wetu wa Kivu ya Kaskazini. Ugunduzi huo ndio uliosukuma uchunguzi mkubwa ambao ripoti yake ilitolewa tarehe 1 mwezi wa kumi 2010, yenye kutaja matukio 617 yaliyotokea Kongo kati ya 1993 na 2003. Mji wa Rutshuru umo ndani yake.

Kisha msiba ulifika mlangoni petu. Tarehe 4 na 5 mwezi wa kumi na moja mwaka 2008, wakati wa mapigano kati ya CNDP na Mai-Mai, raia wengi wa Kiwanja waliuawa, hata ndani ya nyumba zao, na askari wa Umoja wa Mataifa walikuwa na kambi karibu kabisa. Wangapi walikufa? Shirika la Human Rights Watch lilisema ni karibu watu 150. Wachunguzi wa Umoja wa Mataifa, katika ripoti yao ya mwaka 2009, waliweza kuthibitisha watu 67 waliouawa kinyume cha sheria, wakikubali kwamba huenda walikuwa zaidi. Kati ya 67 na 150 kuna tofauti ya watu 83. Ndugu, watu 83 wanajaza chapeli. Haiwezekani kwamba walikuwapo na hawakuwapo. Kila mmoja alikuwa na mama, na alikuwa na jina.

Sisi tunaoandika maneno haya tulikuwa katekista kijana wakati ule, na hatuna haki ya kunyosha kidole kwa mtu mwingine. Siku zile tulitoka pamoja na wenzetu wachache kuzika maiti katika mtaa mmoja wa mji. Hapakuwa na padri wala sanduku, na muda ulikuwa mfupi. Tuliwazika watu kumi na mmoja nyuma ya ua mmoja, wengine wawili wawili. Tulikuwa na kaye ya shule na kalamu ya biki. Tukaandika majina saba, wanne hatukuwatambua. Juu ya mahali tuliandika tu: chini ya mti wa avoka. Kisha tukakimbia tena, na kaye ikabaki katika nyumba ambayo baadaye tuliikuta haina mabati wala milango.

Miaka michache baadaye mama mmoja alitutafuta. Alikuwa amesikia kwamba tulikuwa miongoni mwa wale waliozika. Hakuuliza nani alimwua mtoto wake. Aliuliza tulimlaza wapi. Tulikwenda naye. Ua ulikuwa na mwenyeji mpya, nyumba nyingine ilikuwa imejengwa, na mti wa avoka ulikuwa umekatwa, umechomwa makala. Tulitembea huku na huku kama watu waliopoteza ufunguo. Mama yule hakutulaumu. Aliteka udongo kidogo mahali tulipodhani, akaufunga katika pembe ya kitenge chake, akaenda zake. Mpaka leo hatujui kama ulikuwa udongo wa kaburi la mtoto wake.

Mambo hayo hayakuishia pale. Mwishoni mwa mwezi wa kumi na moja 2022, katika vijiji vya Kishishe na Bambo, upande wa Bwito, raia waliuawa tena. Hesabu ya kwanza ya Umoja wa Mataifa ilisema 131. Mwaka 2023 ikawa 171. Serkali ilisema karibu 300. Wachunguzi wa hesabu ile ya kwanza hawakuweza kufika mahali penyewe, walisikiliza waliokimbia. Mwanzoni mwa mwaka 2025, baada ya vita vya Goma, maiti zaidi ya 2,000 zilizikwa kwa siku chache, na waliobobea katika kazi hiyo walikuwa wakisihi kwamba kila mwili upewe alama na namba kabla ya kufunikwa, ili siku moja ndugu zake wampate. Hilo ndilo tulilolisahau sisi mwaka 2008.

IV. WALIOPATIKANA, NA WALIOSAHAULIWA

Je, kazi hiyo ina matunda? Tutazame mfano wa Mwenye Heri Anuarite Nengapeta, binti wa nchi yetu, aliyeuawa Isiro tarehe 1 mwezi wa kumi na mbili 1964. Alitupwa pamoja na wengine katika kaburi la pamoja. Miezi kadhaa baadaye kaburi lilifunguliwa, na mwili wake ukatambuliwa kwa sanamu ndogo ya Bikira Maria iliyokuwa mfukoni mwake. Kwa sababu alitambuliwa, alipata kaburi lake, na tarehe 15 mwezi wa nane 1985 Papa Yohane Paulo II alimtangaza mwenye heri huko Kinshasa. Kilichomwokoa na usahaulifu kilikuwa kitu kidogo kinachoenea katika kiganja, na watu waliokumbuka kwamba kilikuwa chake.

Katika Jimbo letu la Goma, Floribert Bwana Chui, mfanyakazi wa Serkali aliyekataa kupokea rushwa ili apitishe vyakula vilivyoharibika, aliuawa mwezi wa saba 2007. Tarehe 15 mwezi wa sita 2025 alitangazwa mwenye heri huko Roma. Shauri la namna hiyo huanza na maswali ambayo paroko yeyote angeuliza: alibatizwa wapi, alikufa lini, nani alishuhudia, amezikwa wapi.

Sasa tutazame upande wa pili. Wakati wa Vita vya Kwanza vya dunia, vilivyopita pia katika Kivu yetu, wapagazi Waafrika walibeba chakula na risasi za majeshi ya Wazungu, wakafa kwa njaa na magonjwa. Mwaka 2021 tume ya Uingereza inayotunza makaburi ya askari ilikiri kwamba watu 116,000 kwa uchache, na labda 350,000, wengi wao Waafrika na watu wa Misri, hawakukumbukwa kwa majina yao, au hawakukumbukwa kabisa. Askari Mzungu alipata jiwe na jina. Mpagazi hakupata hata mstari katika kitabu. Waliofanya uamuzi huo walidhani kwamba watu wale hawahitaji kaburi lenye jina. Karne moja baadaye aibu imebaki, lakini majina hayapatikani tena.

Na tusiende mbali. Huko Rumangabo, njia ya kwenda Goma, wamezikwa ngagi waliouawa katika Mbuga ya Virunga mwaka 2007, na kila mmoja ana kibao chenye jina lake: Senkwekwe na wenzake. Hatuwaonei wivu viumbe hao wa Mungu, na walinzi wa Mbuga walifanya vizuri. Lakini mkristu wa Kiwanja anayepita pale akisoma vibao hivyo hawezi kukosa kujiuliza: na wetu wa mwaka 2008, vibao vyao viko wapi?

V. NAMNA YA KUANDIKA

Uzoefu, na hasa makosa yetu wenyewe, umetufundisha yafuatayo.

1. Kuandika siku ile ile. Katekista au mkubwa wa shirika asiseme ataandika kesho. Karatasi ya shirika ijazwe kaburini, isomwe kwa sauti mbele ya familia ili wasahihishe, kisha ipelekwe parokiani kabla ya juma kuisha.

2. Kuandika mtu mzima, si kipande chake. Majina yote ya marehemu, jina la baba na la mama, mume au mke, umri, au kadiri ya umri, kijiji alichotoka na shirika lake, Sakramenti alizopata, siku ya kufa na siku ya kuzikwa, kwa maana hizo ni siku mbili, na jina la aliyeongoza maziko.

3. Kuandika mahali kwa kipimo. Usitumie mti, kwani mti hukatwa. Usitumie nyumba ya fulani, kwani nyumba huuzwa. Pima kwa kamba kutoka pembe ya kanisa, kutoka daraja, au kutoka jiwe la mpaka lililochimbiwa chini. Katika makaburi ya parokia taja mstari na namba.

4. Kutomwacha asiyejulikana. Asiye na jina apewe namba, na iandikwe alivyokuwa: mwanaume au mwanamke, kadiri ya umri, nguo, rozari, kovu, kila kitu ambacho ndugu yake angekijua. Tukumbuke sanamu ndogo ya Anuarite.

5. Kuwahesabu wote. Wakatekumeni, kwa kanuni ya 1183, huhesabiwa pamoja na waamini katika mambo ya maziko. Watoto wachanga nao waandikwe. Mara nyingi ndio wanaosahauliwa kwanza, kwa sababu kaburi lao ni dogo.

6. Kuwa na nakala mbili. Kitabu kimoja parokiani, nakala nyingine mahali pengine salama. Mwezi wa kwanza 2002 lava ya Nyiragongo iliifikia Kanisa Kuu la Goma na kuliharibu. Moto wa mlima hauchagui kati ya ukuta na karatasi.

7. Kuipeleka habari kwa Serkali pia. Sheria ya Familia ya mwaka 1987, iliyorekebishwa mwaka 2016, yadai kila kifo kitangazwe kwenye ofisi ya etasivili. Kitabu chetu hakichukui nafasi ya hati hiyo, lakini chaweza kuisaidia familia kuipata.

VI. SHAMBA LA WALIOLALA

Kitabu bila makaburi yaliyotunzwa ni kama barua isiyo na mlango wa kuipeleka. Jina la mji wetu lenyewe, Kiwanja, ni jina la udongo uliotengwa kwa kazi fulani, na katika mji ambao watu wanaongezeka kila mwaka hakuna kiwanja kinachotamaniwa kuliko kile ambacho wenyeji wake hawasemi. Mwenye shamba la jirani husogeza mpaka mstari mmoja wa maharagi. Mwaka wa pili husogeza mwingine. Marehemu hawaendi kumshitaki.

Sheria ya ardhi ya mwaka 1973 inasema kwamba udongo wote ni mali ya Leta, na anayeutumia lazima awe na hati. Basi yafaa hati ya makaburi itafutwe na kutunzwa kama hati ya kanisa inavyotunzwa. Kwa kufuata Abrahamu, mipaka ipimwe mbele ya mashahidi: majirani, wakubwa wa mashirika, na wakubwa wa kijiji. Kwenye kila pembe lichimbiwe jiwe kubwa la volkano lililopakwa chokaa, na kati ya mawe upandwe ua wa miyenzi. Ndani, mistari inyooke, kila kaburi na nafasi yake, na njia ya kupita kati ya mistari. Mchoro wa mistari hiyo ubandikwe ndani ya kitabu cha marehemu, ili kitabu na shamba viseme neno moja.

Msalaba wa mti huoza, na familia nyingi hazina uwezo wa kujenga kwa simenti. Kwa hiyo tunaomba kila shirika lichange ili kila kaburi lipate angalau kijiwe chenye namba. Namba hainyimi mtu heshima, mradi kitabu kinajua ni ya nani. Salongo ya makaburi isingoje tarehe 2 mwezi wa kumi na moja peke yake. Mashirika yapeane zamu, kila mwezi shirika moja.

Tena makaburi yetu si ya wakatoliki peke yao. Katika siku za msiba tulizika pamoja wakatoliki, waprotestanti, waislamu na wasiojulikana dini yao. Sheria ya Eklezya, kanuni ya 1240, yapenda waamini wawe na makaburi yao au sehemu yao iliyobarikiwa, lakini pale isipowezekana kila kaburi hubarikiwa kwa nafasi yake. Basi hakuna sababu ya kumfukua mtu wala kumbagua. Tuwaalike wachungaji na maimamu waje na orodha zao, tulinganishe. Huenda jina linalokosekana kwetu liko kwao.

VII. ZAWADI YA JUBILEI

Katika Agano la Kale, mwaka wa jubilei ulikuwa mwaka wa kumrudishia kila mtu urithi wake na jamaa yake. Marehemu wetu hawahitaji tena shamba wala ng'ombe. Urithi uliobaki ambao twaweza kuwarudishia ni jina lao na mahali pao.

Kwa hiyo tunapendekeza kwamba katika mwaka huu mashirika yote yafungue orodha ya waliozikwa katika viwanja vya nyumba na mashamba tangu miaka ya vita. Wazee waulizwe kwanza, na wale waliozika kwa mikono yao waulizwe kabla ya wengine wote, kwa sababu mashahidi hawa wanapungua. Asiandikwe aliyeua, kazi hiyo ina mahali pengine na waamuzi wengine. Aandikwe aliyekufa. Ushuhuda wa mtu mmoja uandikwe kuwa wa mtu mmoja, na wa watatu kuwa wa watatu, wala tusiongeze idadi kwa huruma au kuipunguza kwa hofu. Kitabu kinachodanganya kwa wema kitakataliwa siku kitakapohitajika.

Sisi wenyewe tumeanza na deni letu. Juu ya karatasi ya kwanza tumechora nafasi kumi na moja. Kati ya majina saba yaliyokuwa katika kaye iliyopotea tumekumbuka matano, na wenzetu wawili tuliozika nao wameyathibitisha. La kwanza ni la mtoto wa mama yule aliyefunga udongo katika kitenge. Nafasi sita ziko bado wazi. Ikiwa wewe unayesoma ulimpoteza mtu katika siku zile, au ulikuwa karibu na ua ule wenye mti wa avoka, njoo baada ya Misa. Kalamu tunayo.